Udongo, Damu na Biblia ya Baba

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha baiolojia kidato cha nne katika sekondari moja wilayani Karatu. Nikiwa nasahihisha mtihani wa majaribio, nikafika kwenye karatasi ya msichana aliyezoea kushika nafasi ya pili darasani. Maswali yote alikuwa ameyajibu kwa mwandiko wake mzuri uliolala kidogo upande wa kulia, isipokuwa lile lililomtaka aeleze ushahidi wa mageuko ya viumbe. Hapo aliacha ukurasa mzima mweupe. Chini kabisa, kwa penseli na kwa Kiswahili, ilhali mtihani ulikuwa wa Kiingereza, aliandika: "Samahani Mwalimu. Jibu nalijua, ila siwezi kuliandika."

Kesho yake nilimwita ofisini. Alisimama mikono nyuma, macho sakafuni.

"Kwa nini umejinyima alama kumi na tano?"

"Mwalimu, nikiandika kwamba tumetokana na sokwe, si nitakuwa nimemkana Mungu?"

Wanafunzi wengi hawapati taabu hiyo. Siku ya mtihani wanaandika anachokitaka msahihishaji, Ijumaa au Jumapili wanarudi kwenye wanachokiamini, na mambo hayo mawili hayakutani kamwe. Binti huyu alitaka yakutane. Nikaona si haki kumjibu kwa nusu dakika huku kengele inagonga. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe nafasi tuongee vizuri." Tuliongea kwa vipande vipande mpaka alipomaliza shule. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoshindwa kumweleza wakati ule kwa sababu yanahusu nyumba yetu. Mimi ni mtoto wa katekista wa Kianglikana wa Muheza, na mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwalimu wa madrasa. Nimefundisha mageuko ya viumbe kwa miaka 36. Swali la binti yule nililala nalo na kuamka nalo tangu nikiwa na umri mdogo kuliko wake.

Binamu na bibi yao

Tulianza na neno "kutokana". Wengi wetu tumekua na ile picha ya msafara: nyuma kuna nyani aliyeinama, mbele kuna mtu aliyesimama wima. Picha hiyo imeleta ugomvi ambao haukuwa na lazima. Sayansi haisemi kwamba sokwe aligeuka akawa mtu. Inasema sokwe na sisi ni ndugu. Mtoto wa shangazi yako hakukuzaa, wala hungoji siku atakayogeuka kuwa wewe. Mnaunganishwa na bibi ambaye alishafariki zamani. Bibi anayetuunganisha na sokwe, wanasayansi wanamkadiria kuwa aliishi miaka milioni sita au saba iliyopita, na yeye hakuwa sokwe wala binadamu. Kwa hiyo anayeuliza mbona sokwe wa Gombe hawajageuka watu, ni sawa na anayeuliza mbona binamu yangu yupo na mimi nipo.

Namna mageuko yanavyofanya kazi ni jambo ambalo mfugaji yeyote analifahamu nusu yake. Watoto wa mzazi mmoja hawafanani. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Ukame, maradhi na njaa haviwapigi wote sawasawa: wako wanaofikia kuzaa, wako wasiofika. Vizazi vikipita, tofauti iliyomsaidia mwenyewe kuishi inaenea katika jamii. Charles Darwin alichapisha maelezo hayo mwaka 1859, na jina alilolipa jambo hilo kwa Kiswahili tunaita uteuzi asilia.

Sisi tumeliona kwa macho. Wa umri wangu wanakumbuka klorokwini, ile dawa chungu iliyokufanya ujikune mwili mzima usiku kucha. Ilitibu malaria kwa miaka mingi. Lakini miongoni mwa vimelea walikuwamo wachache wenye tofauti ndogo iliyowawezesha kuihimili. Wenzao walikufa, wao wakazaana, mpaka dawa ikawa haifai kitu. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaja dawa ya SP, nayo ikachoka, ndipo tukahamia kwenye dawa ya mseto. Kila anayemeza mseto leo anafanya hivyo kwa sababu viumbe hugeuka.

Pembeni mwa korongo

Muhula huohuo tuliwapeleka wanafunzi kwenye Korongo la Oldupai. Nilimwomba mwalimu mwenzangu aliyekuwa anafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu tufuatane, na akakubali. Sikutaka watoto waone kwamba watu wa dini hukaa nyuma tunapokwenda kutazama mifupa.

Ukisimama ukingoni unaliona korongo limekatwa kama keki. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa lava wenye umri wa karibu miaka milioni mbili, juu yake matabaka ya kijivu, kisha tabaka jekundu linaloonekana hata kwa mbali. Jina lenyewe linatokana na mkonge pori ambao Wamasai huuita oldupai. Tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey akiwa kambini anaumwa homa, mkewe Mary alitoka na mbwa wao kutembea kwenye mteremko, akaona mfupa na meno makubwa yamechungulia kwenye udongo. Fuvu lile wakaliita Zinjanthropus, kwa jina la Zinj ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Umri wake ni miaka milioni 1.75 hivi. Umri huo haukukisiwa. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Ukipima gesi iliyonaswa ndani ya chembe za majivu, unajua yalimwagika lini, kama unavyotazama mchanga uliokwisha kushuka kwenye saa ya mchanga.

Wanafunzi walishangaa kusikia kwamba Zinj mwenyewe hahesabiwi tena kuwa babu yetu. Alikuwa wa tawi lililokauka, binamu aliyekufa bila kuacha kizazi. Walishangaa zaidi kusikia kwamba Louis Leakey, aliyeutangazia ulimwengu mifupa hiyo, alizaliwa mwaka 1903 katika misheni ya Kabete, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, na kwamba ujanani alitaka naye awe mmisionari.

Ndani ya jumba la makumbusho kulikuwa na nakala ya nyayo za Laetoli. Nyayo zenyewe ziko kusini zaidi, zimefukiwa ili zisiharibike. Zilifukuliwa mwaka 1978. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wenye miguu miwili wakapita, kisha majivu yakakauka na kuwa magumu kama saruji. Alama za matone ya mvua zipo hadi leo. Katika mstari mmoja inaonekana mtu wa nyuma alikanyaga palepale alipokanyaga wa mbele.

Binti yangu wa ukurasa mweupe alivua kiatu cha kulia, akasimama kando ya nakala akautazama mguu wake, kisha ule unyayo. Kisigino, upinde wa katikati, kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, hakikutawanyika kando kama cha sokwe. Mwalimu wa dini, aliyekuwa nyuma yetu, akasema taratibu, "Subhanallah."

Binti akageuka. "Mwalimu, Mungu alikuwa anawajua hawa?"

Nilisita. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyejibu: "Aliyeileta mvua iliyoacha matone haya, atakosaje kumjua aliyekuwa anatembea ndani yake?"

Walisoma kabla yetu

Njiani kurudi nilimweleza yule binti kwamba swali lake lina wazee. Watu hudhani kwamba waumini wote wa zamani walisoma sura ya kwanza ya Mwanzo neno kwa neno, na kwamba tafsiri nyingine ziliingia baada ya Darwin ili kuokoa aibu. Sivyo ilivyokuwa. Augustino, mwana wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Aljeria, askofu wa Hipo, alisumbuka kwa miaka mingi na maandiko hayo. Aliona, kama anavyoona yeyote anayesoma kwa makini, kwamba siku tatu zinapita na asubuhi na jioni zake kabla jua halijaumbwa siku ya nne. Akahitimisha kwamba siku hizo haziwezi kuwa siku zetu za kuchomoza na kuchwa. Aliandika pia kwamba Mungu alitia ndani ya uumbaji kitu kama mbegu, ambazo zingechipua kila moja kwa wakati wake. Na aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu nyota na wanyama mbele ya watu wanaojua mambo hayo, maana wasikilizaji wakishaona wamekosea katika wanayoyajua, watawaaminije katika habari za ufufuo? Augustino hakujua lolote kuhusu mageuko, na itakuwa kumsingizia tukimfanya mfuasi wa Darwin aliyemtangulia kwa karne kumi na nne. Alichotuachia ni adabu ya kusoma.

Upande wa Uislamu nako majadiliano ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli, Lebanon, aliandika kwamba haoni ushahidi wa kutosha wa nadharia ya Darwin, ila ukipatikana ushahidi wa yakini, Mwislamu ataweza kuifasiri aya kwa namna isiyopingana nao, na Muumba atabaki kuwa Muumba. Siku hizi mwanafizikia wa nyota Nidhal Guessoum wa Aljeria na mwanabaiolojia Rana Dajani wa Jordan, Waislamu wote wawili, hufundisha na kuandika kwamba kukubali mageuko hakuipunguzii imani yao kitu.

Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1950, kupitia Papa Pius wa 12, kwamba waumini wanaruhusiwa kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitoka katika kiumbe hai kilichotangulia, mradi waamini kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili akasema mageuko sasa ni zaidi ya dhana. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu, ni Mkristo wa kiinjili. Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kuhesabu njegere, alikuwa mtawa.

Simwambii mtu aamini kwa kuwa Collins anaamini. Nayataja majina haya kwa sababu binti yule alidhani kuna milango miwili tu, na kwamba akiingia mmoja, wa pili unafungwa kwa nyuma.

Pasipopatanishika

Upatanisho wa kweli unaanza kwa kukiri pale usipowezekana. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alijumlisha umri wa watu wa Biblia akapata kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Wapo ndugu zetu wapendwa wanaoshika hesabu inayokaribiana na hiyo, na kwao ni suala la uaminifu. Nawaheshimu. Lakini ukingoni mwa Oldupai hesabu hiyo haina pa kukaa. Ama majivu yale yana miaka milioni karibu mbili, au Mungu aliyafanya yaonekane hivyo ili atujaribu. Baba yangu, aliyekuwa mtu wa maombi kuliko mimi, alikataa hilo la pili. Alisema Mungu hasemi uongo, wala kwa mdomo wala kwa mawe.

Ugumu huohuo ulionekana Kenya mwaka 2006. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalikuwa yanajiandaa kuonyesha mifupa ya Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome. Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa kiongozi wa makanisa ya kiinjili, alitaka mifupa hiyo isipewe nafasi ya mbele kana kwamba ndiyo ukweli kuhusu asili ya mtu. Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, alimpinga hadharani. Mifupa iliwekwa kwenye maonyesho hata hivyo. Nilifuatilia habari hiyo nikasikitika, maana kila upande ulizungumza kana kwamba mwingine hana kitu cha maana anachokilinda. Askofu alikuwa analinda hadhi ya mtu, kwamba hatukutupwa duniani kama takataka. Leakey alikuwa analinda haki ya mtoto wa Kenya kuiona mifupa iliyolala kwenye ardhi yake na kuambiwa umri wake halisi.

Upande wa pili nao una watu wanaovuka mpaka. Richard Dawkins, mwanabaiolojia maarufu wa Oxford aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, amesema kwa miaka mingi kwamba baada ya Darwin hakuna tena haja ya Muumba. Vitabu vyake vinaeleza uteuzi asilia vizuri sana, na nimefaidika navyo. Ila anapofika hapo ameshauacha uwanja wa baiolojia. Hadubini inakuonyesha chembe ya damu inavyofanya kazi. Haina lenzi ya kukuonyesha kama kuna aliyetaka damu iwepo.

Damu ya mdogo wangu

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mwanafunzi wangu.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka tisa, mimi nikiwa na kumi na miwili. Macho yake yalikuwa ya manjano. Alipokuwa mdogo sana vidole vyake vilivimba kama ndizi mshale. Kukiwa na baridi, na hasa mvua za masika zikiloweka kila kitu, maumivu yalimshika mgongoni na miguuni akawa analia mpaka sauti inakauka. Mama alikuwa anakunja kitambaa, anakipasha moto kwenye mfuniko wa sufuria, anamkanda. Akichoka ananipa mimi. Nakumbuka harufu ya kile kitambaa, mafuta ya nazi na moshi.

Watu walisema mengi. Majirani walisema bibi mmoja wa ukoo amemtupia jicho. Mhubiri mmoja aliyepita kijijini, simtaji jina, aliwaambia wazazi wangu mbele ya watu kwamba mtoto haponi kwa sababu kuna dhambi imefichwa ndani ya nyumba. Baba, katekista, alisimama pale akiwa ameshika kofia yake. Baada ya siku hiyo, yeye na mama walikaa miezi mingi wakizungumza mambo ya chumvi na maji tu.

Miaka kumi baadaye, chuoni, mkufunzi alituwekea kioo chini ya hadubini. Chembe nyekundu za damu zinatakiwa kuwa mviringo, zimebonyea katikati kama andazi lililobanwa na kidole. Kati yake niliona nyingine zimepinda, zimechongoka ncha mbili, sawasawa na mundu wa kuvunia mpunga. Mkufunzi akaeleza: hii ni sikoseli, yaani selimundu. Chembe zilizopinda hunasana kwenye mishipa midogo, damu haipiti, mwili unauma. Akataja macho ya manjano. Akataja vidole vya watoto vinavyovimba. Nikaondoka kwenye kiti nikaenda kulia nyuma ya maabara.

Kisha akaeleza jambo lililobadilisha maisha yangu. Tatizo lote linatokana na badiliko la herufi moja katika jeni inayotengeneza himoglobini. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, anaugua. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, haugui, na tena anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali kuanzia mwaka 1949. Akaona jeni hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo: kwa vizazi vingi malaria iliua watoto wasio na jeni hiyo kuliko wenye jeni moja. Wenye jeni moja waliishi, wakaoa, wakazaa. Kwa hiyo jeni ikabaki na ikaenea, ingawa baadhi ya watoto wao walizaliwa nazo mbili. Huo ndio uteuzi asilia, ndani ya damu ya watu wa Muheza.

Likizo nilikwenda nyumbani. Nikamkuta Baba uani anasuka kamba ya kitanda. Nikachukua daftari, nikachora mraba, nikaugawa vyumba vinne. Baba ana jeni moja nzima (A) na moja ya mundu (S). Mama vilevile. Nikajaza vyumba: AA, AS, AS, SS. Nikamweleza kwamba kila mimba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, kama kura. Mimi na kaka zangu ilituangukia upande mmoja, mdogo wetu ikamwangukia upande wa nne. Nikamweleza pia kwamba huenda yeye mwenyewe alipona malaria utotoni kwa sababu ya jeni hiyohiyo.

Aliutazama ule mraba muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyemfanya?"

"Hakuna, Baba."

"Wala mama yako."

"Wala mama, wala wewe."

Akaweka kamba chini. Akaingia ndani, nikasikia anazungumza na mama kwa sauti ya chini, na mama akaanza kulia.

Maswali yaliyobaki

Ningedanganya kama ningesema baada ya hapo kila kitu kilikaa sawa. Jioni ileile Baba aliniuliza swali ambalo bado sijalimaliza: kama Mungu aliwalinda watoto wengi kwa njia hii, kwa nini alichagua njia ambayo bei yake ni mtoto? Hilo ndilo swali gumu la mageuko kwa mtu wa imani, kuliko umri wa dunia, kuliko sokwe. Uteuzi asilia unakwenda kwa wengine kufa. Darwin mwenyewe alilijua. Mwaka 1851 alimpoteza binti yake Annie, mwenye miaka kumi, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba imani yake ilivunjwa na kifo kile zaidi ya ndege au kobe aliowachunguza visiwani. Mkewe Emma, aliyempoteza mtoto yuleyule, alibaki muumini. Waliishi pamoja hadi Darwin alipofariki mwaka 1882. Ushahidi mmoja, msiba mmoja, na mioyo miwili.

Jibu langu ni dogo. Watoto walikufa kabla ya Darwin. Hakuna kifo ambacho nadharia ya mageuko imekiongeza duniani. Ayubu aliuliza swali la Baba bila kujua jeni ni nini. Na upande wa waliobaki hai, naona katika damu yetu kwamba walioishi walibeba kitu kilichowagharimu wengine, na hilo linanifanya niishi kwa unyenyekevu zaidi.

Swali la pili gumu ni Adamu. Mjomba wangu nilimpelekea mraba uleule. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mpwa wangu, kuhusu mimea na wanyama sina neno, Mola ana njia zake na elimu ni amana. Lakini Adamu ni muujiza, kama Isa aliyezaliwa bila baba, na muujiza haupimwi maabara." Wapo wanazuoni wa leo wenye msimamo unaofanana na huo. Wakristo wengine humwona Adamu kuwa mtu wa kwanza aliyeitwa na Mungu kati ya watu waliokuwapo, wengine humwona kuwa ni jina la sisi sote. Mimi nimeegemea hili la mwisho, kwa kuwa katika Kiebrania adamu ni neno la mtu, na linafanana na lile la udongo. Lakini sikuwahi kubishana na Mjomba. Alinipokea, akanisikiliza, na kesho yake akaniuliza hospitali gani wanapima.

Binti wa Karatu alipokuja kuaga, nilimwambia hivi: andika ushahidi unaoujua, kwa kuwa ni ushahidi. Hakuna mtihani unaokuuliza kama Mungu yupo. Usimruhusu mwalimu akuambie kwamba umelijibu swali hilo, wala mhubiri akuambie kwamba umelifuta. Udongo wa Mwanzo unakuambia wewe ni wa nani. Udongo wa Oldupai unakuambia umetoka mbali kiasi gani. Kwenye mtihani wa taifa, aliniambia baadaye, aliandika kurasa mbili.

Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka. Wengi wao wangeishi vizuri zaidi wakigunduliwa mapema, na wachumba wanaopima kabla ya ndoa huamua mambo yao kwa macho yaliyofumbuka. Baba alilielewa hilo kabla yangu. Waumini wa kanisa lake wanasimulia kwamba kuanzia mwaka ule, katika mafundisho ya ndoa, baada ya kusoma habari za Adamu na Hawa na ubavu, alikuwa anachukua chaki, anachora mraba ubaoni na kuwaambia vijana waende kupima damu.

Tulipomzika, nilirithi Biblia yake. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, nilikuta karatasi ya daftari langu imekunjwa mara mbili, kingo zimechakaa kwa kushikwa. Vyumba vinne. Katika kile cha nne, juu ya SS, Baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino jina la mdogo wangu.